Grupu la WhatsApp au karatasi ya kila wiki: wazazi wapate vipi habari za darasa?

Hii ishu inarudi kila muhula kwa walimu wa madarasa ya chini, na mimi naona kila njia ina pale inapomshinda mwenzake.

Kwa spidi grupu halina mpinzani. Kikao kimeahirishwa asubuhi, unatuma meseji moja na wazazi wanaiona kabla mtoto hajatoka nyumbani, karatasi ingefika kesho yake. Ila shida ya grupu ni kelele: mmoja anaandika asante, mwingine anaforwadi video, tangazo lako la kuleta gundi na makasi limeshazama huko juu, halafu mzazi anakufuata inbox "mwalimu kwani kesho kuna nini?" Weka ile setingi ya maadmini tu ndo watume, inapunguza sana. Na picha za watoto jamani, ukishaituma haiko mikononi mwako tena, omba ruhusa kwanza.

Karatasi haitaki bando wala simu janja, mzazi anaibandika ukutani na anajua wiki hii wanasoma kutoa kwa kukopa, anamsaidia mtoto jioni. Lakini inapotelea kwenye begi, na kuprinti kunakula wino na rimu kila wiki.

Kama wazazi wako wote wako hewani, grupu linatosha kwa mambo ya haraka. Kama kuna hata wachache wasio na simu janja, hao ndo watakaokosa kikao, basi karatasi usiiache, hata nusu ukurasa.