Mwongozo wa PostgreSQL: uzoefu wangu

Saa tatu usiku seva iligoma kuwaka. Nilikuwa narudisha data kwenye PostgreSQL 12, programu ya hifadhidata, kwa kufuata maelekezo niliyoyaokota mtandaoni, yameandikwa vizuri tu, hatua kwa hatua. Nikatengeneza faili la recovery.conf, la mipangilio ya kurudisha data, kama nilivyoambiwa. Logi ikanijibu kwamba faili hilo halikubaliki. Ndipo nikafungua mwongozo rasmi: kuanzia toleo la 12, la mwaka 2019, recovery.conf imeondolewa, mipangilio yake imehamia postgresql.conf, faili kuu la mipangilio, na anayerudisha data huweka faili tupu la recovery.signal. Maelekezo yangu yalikuwa ya toleo la zamani.

Tangu hapo naanzia kwenye mwongozo. Juu ya ukurasa kuna namba za matoleo, unabofya la kwako. Na hautoi amri bila sababu: mfano wa archive_command, amri ya kuhifadhi kumbukumbu za mabadiliko ya data, unaanza na test ! -f (hakikisha faili halipo) kabla ya cp (nakili), kisha unaambiwa ni kwa ajili ya kuzuia faili lililokwishahifadhiwa lisifunikwe. Ukiwa ndani ya psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, andika \h CREATE INDEX, muundo wa amri unakuja palepale, bando liwepo lisiwepo.

Nyota nne, si tano, kwa sababu ya kufundishia. Niliwapa vijana wawili wa fildi PDF yake, kurasa zaidi ya 2,000. Siku ya tatu mmoja akauliza, "Kaka, hii tunaisoma yote?" Mazoezi ya mwanzo yana jedwali la hali ya hewa la San Francisco, utajua SELECT na JOIN, yaani kusoma na kuunganisha majedwali, ila diski ikijaa usiku halitakusaidia.

Nikabadili mtindo. Kwenye seva ya mazoezi, yenye bakapu kamili, nilifuta jedwali makusudi, nikawaambia warudishe data ilivyokuwa saa nne na nusu asubuhi. Wakaandika 10:30. Seva ikawaka, ikazima: urejeshaji umeisha kabla ya kufikia muda uliotajwa. Wakabishana weee, wakakagua ruhusa za mafaili, wakaanza upya mara mbili. Mimi kimya, nakunywa chai. Mwishowe yule wa "tunaisoma yote" akarudi kwenye maelezo ya recovery_target_time, mpangilio wa muda wa kurudia, akakuta wanashauri uandike tofauti ya saa na UTC (saa ya kimataifa) kwa namba. Seva ilikuwa kwenye UTC, sisi tuko Dar, saa tatu mbele, kwa hiyo 10:30 yake ilikuwa saa saba na nusu mchana kwetu. Akaongeza +03, jedwali likarudi.