Lichess kwa mchezaji wa taratibu: uzoefu wangu

Kama unajiuliza iwapo Lichess, tovuti ya kucheza sataranji mtandaoni, inamfaa mtu wa kawaida anayetaka kupanda kiwango cha sataranji bila mwalimu, mimi nasema inamfaa sana, kwa sharti moja: aachane kwanza na michezo ya dakika tatu.

Nimetokea kwenye drafti ya kijiweni, na mpaka leo inaonekana katika uchezaji wangu. Kwenye drafti ukiona cha kula, lazima ule. Sataranji haina ulazima huo, lakini aliyekulia kwenye drafti hupenda kubadilishana kete mapema, farasi kwa farasi, malkia kwa malkia, ubao ubaki na kete chache. Vijana wanaopenda kushambulia huuona mtindo huu unachosha. Mimi naupenda, na nilichotaka ni kuunoa, si kuuacha.

Hapo ndipo Chess Insights iliponifaa. Ni sehemu ya takwimu: unaiuliza unashinda zaidi kwa ufunguzi upi, yaani hatua zipi za mwanzo, au usahihi wako unashuka wapi, nayo inakuchorea grafu kutokana na michezo yako mwenyewe. Yangu ilionyesha wazi kwamba usahihi hushuka mwishoni, zikibaki ngome na askari wachache. Sasa anayekimbilia mwisho wa mchezo lazima aujue mwisho wa mchezo. Nikahamia kwenye mazoezi ya ngome, ambayo yamo humohumo.

Matunda yake niliyaona katika mchezo ambao mpinzani alibaki na ngome na askari mmoja, mimi ngome tupu. Mfalme wangu alikuwa mbele ya askari yule, kwa hiyo niliweka ngome kwenye mstari wa tatu kutoka upande wangu, mfalme wake asipate njia ya kusogea. Nikasubiri, ngome ikienda kushoto na kulia kwenye mstari uleule. Alipochoka akamsukuma askari hadi kwenye mstari huo. Papo hapo ngome yangu ikakimbia hadi upande wa pili wa ubao na kuanza kumtishia mfalme wake kwa nyuma. Askari alishapita, mfalme hana tena pa kujikinga. Sare. Ulinzi huu una jina la Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa pia mtunzi wa muziki, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia ushindi.

Lakini ulinzi wa namna hiyo hauwezekani saa ikiwa imebaki na sekunde mbili. Ndiyo maana nacheza 15+10: kila mmoja dakika 15, na kila hatua inakuongezea sekunde 10. Kwa wanaopenda ubao mtulivu kama mimi, nikiwa na nyeusi natumia Caro-Kann, ufunguzi ambao Anatoly Karpov, bingwa wa dunia wa 1975 hadi 1985, aliutumia sana.

Baada ya mchezo, upitie mwenyewe kwanza, kisha ndipo uite Stockfish, programu ya kompyuta inayochambua michezo humohumo. Itakupa namba na mfululizo wa hatua bora, haitakueleza kwa maneno kwa nini hatua yako ni mbovu. Anayehitaji maelezo atafute mtu anayemzidi wakae pamoja. Ila kuna kitufe cha kujifunza kutokana na makosa yako, kinakurudisha pale ulipoteleza ili utafute hatua nzuri mwenyewe. Hicho nakitumia kila mara.

Kuhusu namba ya kiwango cha mchezaji: kila mgeni huanzia 1500, ikiwa na alama ya kuuliza mpaka mfumo ukujue vizuri, kwa hiyo usishtuke ukiporomoka. Mimi niliporomoka hadi chini ya 1200 na sasa nimevuka 1500 katika rapidi, kundi la michezo ya muda kama huo wangu wa 15+10. Usiilinganishe na namba ya FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ni vipimo viwili tofauti.

Gharama yangu ni bando tu. Thibault Duplessis aliianzisha Lichess Ufaransa mwaka 2010, haina matangazo, na inaendeshwa kwa michango. Anayechangia huwekewa alama ya mabawa kando ya jina lake. Uchambuzi, mafumbo na mazoezi anayopata ni yaleyale ninayopata mimi nisiyelipa chochote.