Bluebeam Revu: kilichonishawishi ni rangi, si kasi

Mkandarasi alifika kikaoni na mita za mraba 668 za sakafu. Mimi nilikuwa na 640. Zamani kikao cha namna hiyo kingekula siku nzima: kila mtu na daftari lake, kila mtu na rula yake, na mwisho wa yote anashinda mwenye sauti. Safari hii nilifungua faili, nikairusha ghorofa ya kwanza ukutani kwa projekta. Vyumba vyote vimepakwa bluu hafifu, korido njano, na matundu mawili ya ngazi pamoja na lile la lifti yamebaki meupe. Akayatazama yale meupe, akapiga hesabu kimoyomoyo, akasema, "Sawa, hayo sikuyatoa." Tukahamia kwenye dari.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kugeuza michoro kuwa idadi: lipu mita za mraba kadhaa, vigae kadhaa, zege kadhaa. Nilijifunza kwa rula ya pembe tatu yenye skeli sita (skeli ni uwiano wa mchoro na jengo: 1:100 maana yake milimita 1 ya karatasi ni milimita 100 za jengo), nikaja kuhamia Revu miaka sita iliyopita, na ndiyo ninayoizungumzia hapa. Ni programu ya Windows ya kufungulia PDF na kuwekea alama juu yake, ila alama zake zina akili ya kupima. Ukichora umbo kuzunguka chumba, inakupa eneo. Ukifuata ukuta, inakupa urefu. Ukigonga kila mlango mara moja, inakuhesabia milango.

Watu wengi huisifu kwa kasi. Kweli ni ya haraka, lakini kasi hiyo imewahi kunitia aibu, na nitaeleza. Ninayoithamini ni kwamba kipimo hubaki pale pale kilipopimwa. Kwenye daftari niliandika 6.00 kwa 4.00, na baada ya wiki tatu sikumbuki ni chumba gani wala nilianzia uso gani wa ukuta. Kwenye Revu umbo lenyewe liko juu ya chumba chake, na asiyekubali anaweza kuvuta kona yake mwenyewe akaona namba ikibadilika.

Kupima chumba ni hivi. Unachagua kifaa cha eneo, unabofya kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ukirudi ulikoanzia umbo linafunga. Kama mchoro umetoka moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea, mistari yake imehifadhiwa kama mistari kweli, hivyo mshale ukikaribia kona unanata juu yake wenyewe. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilicheka peke yangu ofisini. Mchoro uliopigwa skani ni habari nyingine. Huo ni picha ya vidoa tu, hakuna kona ya kushika, na unabaki na jicho lako na mkono wako. Mstari wenye unene wa milimita 0.35 kwenye karatasi ya 1:100 ni sawa na milimita 35 za jengo. Ukibofya upande huu wa mstari leo na upande ule kesho, usishangae majibu yakigombana.

Kuna pia kifaa cha kujaza chumba kizima mara moja: unagusa katikati, rangi inatambaa hadi kwenye kuta na kusimama. Kwenye michoro safi ni raha. Palipo na mlango uliochorwa wazi, au kona ambayo mchoraji hakuikutanisha, rangi inatoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka na kujaza korido hadi nje uani. Dawa ni kuchora mstari wa kuziba pale penye uwazi kabla ya kujaza. Mimi naitumia kwa vyumba vingi vinavyofanana tu, vingine navibofya kona kwa kona.

Sasa aibu yangu. Ofisi moja ya wachoraji ilinitumia seti iliyoandikwa 1:100 kwenye kona ya chini, kwa karatasi ya A1. Faili lenyewe lilikuwa limehifadhiwa kwa A3. Sikuangalia. Nikaweka 1:100, nikapima nusu ya jengo kwa asubuhi moja huku nikijisifu. A3 ni nusu ya A1 kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo kila urefu ulitoka nusu, na kila eneo likatoka robo. Chumba cha mita 6 kwa 4, ambacho kina mita za mraba 24, kilisomeka 6. Programu haikulalamika, kwani ililalamikie nini? Ilitii nilichoiambia. Kilichoniokoa ni kitanda. Mchoraji alikuwa amechora kitanda cha watu wawili, nami kwa udadisi tu nikakipima: upana wake sentimita 75. Nikaweka kikombe chini.

Tangu siku hiyo siiamini skeli iliyoandikwa mpaka niihakikishe kwa kipimo ambacho mchoraji mwenyewe amekiandika kwenye mchoro. Hapo ndipo penye siri ambayo vijana wengi ninaofanya nao kazi hawaijui. Revu inakuruhusu kubofya ncha mbili za kipimo kinachojulikana na kuandika urefu wake halisi, nayo inajitengenezea skeli. Wengi hukimbilia mlango kwa sababu uko karibu: milimita 900, bofya, bofya, basi. Ukiteleza milimita 9 tu kwenye mlango huo, umekosea asilimia 1 kwa urefu, na kwa eneo asilimia 2. Kwenye sakafu yangu ya 640 hizo ni karibu mita za mraba 13, yaani chumba kizima cha kulala. Utelezi ule ule wa milimita 9 ukiufanya kwenye upande wa jengo wenye mita 24 ni asilimia 0.04, hauonekani. Tafuta kipimo kirefu kuliko vyote kwenye ukurasa.

Halafu pima kingine cha kusimama. Karatasi ikipita kwenye skana huweza kunyooka upande mmoja zaidi ya mwingine, na Revu ina mahali pa kuweka skeli ya mlalo na ya wima kila moja peke yake. Sikuwahi kuona umuhimu wake hadi nilipopewa michoro ya jengo kuukuu iliyokuwa imekunjwa kabatini kwa miaka mingi.

Jambo lingine linalonifanya niendelee kulipia: ukurasa mmoja unaweza kubeba skeli zaidi ya moja. Mchoro wa sakafu uko 1:100, pembeni kuna ngazi iliyokuzwa 1:20. Unazungushia mstatili kila mchoro na kuupa skeli yake, na ukipima ndani ya mstatili huo inatumika hiyo. Kabla ya kulijua hilo nilikuwa nabadilisha skeli ya ukurasa mzima kila nikihama, na bila shaka mara moja moja nilisahau kuirudisha.

Yapo ambayo programu haiwezi kuyajua, na usiitegemee iyajue. Haijui kama unapima sakafu ya kuwekewa vigae, au eneo la jengo zima pamoja na kuta. Chumba kile cha 6 kwa 4, ukibofya katikati ya kuta za milimita 200 badala ya nyuso za ndani, kinakuwa 6.2 kwa 4.2, sawa na mita za mraba 26.04. Mita mbili za vigae zisizokuwepo, mara vyumba kumi na vinne. Haijui pia kwamba paa limeinama. Ukilipima kwenye mchoro wa kutoka juu unapata kivuli chake tu. Paa la nyuzi 30 lenye mita za mraba 210 kwenye mchoro lina karibu 242 za mabati, kwa sababu lazima ugawanye kwa kosaini ya pembe. Hili nalifanya kwa mkono kwenye jedwali, sitaki lifichike mahali.

Jedwali lenyewe ni zuri. Kila umbo ulilochora linapata mstari wake kwenye orodha chini ya mchoro: jina, rangi, ukurasa, eneo. Ukibofya mstari, mchoro unaruka hadi pale umbo lilipo. Orodha yote unaitoa kama CSV, faili la jedwali la maandishi matupu, na kuifungua kwenye Excel. Lakini taja majina mapema! Kijana wa ofisini kwangu alipima hosteli nzima kwa bidii ya kupigiwa mfano, akaniletea mistari 83, yote ina jina moja la kuzaliwa nalo. Tulikaa naye jioni nzima tukibofya mstari mmoja baada ya mwingine, yeye akisoma namba ya chumba, mimi nikiandika. Siku hizi nina kisanduku cha vifaa vilivyokwisha kupewa jina na rangi, "vigae sakafu", "lipu ndani", "dari", na hakuna anayeruhusiwa kupima kwa kifaa kitupu.

Kuhusu malipo: tangu toleo la 21, lililotoka 2022, unailipia kwa mwaka. Anayepima michoro kila wiki hatajuta. Anayetaka kujua eneo la uwanja mmoja mara mbili kwa mwaka, afungue tu Acrobat Reader, nayo ina kifaa cha kupima urefu, mzunguko na eneo. Kwa kipimo kimoja kinatosha, na masharti ya skeli ni yale yale.

Jana imeingia seti mpya ya jengo lile la kikao, marekebisho C. Revu inaweza kulaza ukurasa mpya juu ya wa zamani, kila mmoja kwa rangi yake, na kilichobadilika kikajitokeza chenyewe. Karibu kila kitu kililala sawasawa. Isipokuwa ukuta wa nje wa nyuma, wenye urefu wa mita 10: umesogea ndani kwa milimita 300, na barua iliyoambatana na michoro haikuutaja popote. 640 yangu sasa ni 637, na nimeomba kikao kingine na mkandarasi.