Nililipia kilo ya minyoo, nikaletewa samadi

Jamani, ukinunua minyoo wa mboji (wale wanaogeuza taka kuwa mbolea) kwa simu, hakikisha unapimiwa minyoo, siyo kiroba. Mimi nimepigwa.

Niliagiza wale wekundu, wanaokaa juu juu kwenye taka zinazooza. Nikamuuliza muuzaji mara mbili: ni wenyewe? Akaapa. Nikatuma hela na ya kutolea, mzigo ukaja na kosta kutoka Tukuyu.

Kufungua, samadi mbichi ya ng'ombe, ukiingiza mkono unasikia joto. Hilo joto peke yake linaua minyoo! Nikamwaga kwenye beseni, tukaanza kuchambua na wifi yangu. Wekundu, wenye vipete vya njano mkiani, hawakujaza hata kikombe cha chai. Waliobaki ni nyungunyungu warefu wa kijivu, wale watoto wanaochimba mtoni kwa ajili ya chambo. Hao hata uwamwagie maganda ya ndizi ya ukoo mzima, hawakai kwenye beseni. Wanatafuta udongo wa kushuka chini.

Nikapiga simu kwa adabu zote. "Kaka, mzigo umefika, ila hawa sio." Unajua alinijibu nini? "Dada, mnyoo ni mnyoo. Si wote wanakula uchafu?" Nikamwambia na ng'ombe ni ng'ombe, lakini aliyelipia mtamba haletewi dume. Akacheka, akakata. Tangu hapo namba yangu haiingii kwake.

Sasa kinachoniudhi zaidi: wale wekundu wachache ni wazuri kweli. Niliwatandikia maboksi yaliyochanwa na vipande vya mgomba uliooza, nikawahamishia jikoni kwa sababu ya baridi ya Uyole, maana ikizidi hawali. Maganda ya viazi wanayamaliza, na juzi nimeona vimayai vya manjano. Kwa hiyo siwezi kusema muuzaji hana mbegu. Anayo, tena safi, sema roho yake ndiyo mbovu. Nilitaka kuwaambia msimsogelee kabisa, lakini huku kwetu sijampata mwingine.

Mkienda, nendeni wenyewe, mwagieni chini kabla ya kutoa hata mia. Mminye mmoja kidogo: mwekundu halisi hutoa majimaji ya njano yenye harufu kali. Akianza "chukua tu dada, nina haraka", ondokeni.

Na wewe kaka, kama unasoma hapa, hela yangu ya wale wa kijivu bado naidai.