"Wimbo ni uleule," wananiambia: uzoefu wangu na programu ya muziki

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikingoja ipoe. Haikupoa, basi naandika.

Idadi ya nyimbo zilizomo kwenye programu hii, ubora wa sauti, namna ya kujiunga, hayo yote mtayakuta kwingine. Jina lake pia sitalitaja. Ninachotaka kusimulia ni wimbo mmoja, namba tatu kwenye orodha yangu, na jibu la maneno matatu nililopewa na mtu wa huduma kwa wateja.

Ilianza hivi. Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, aliniuliza siku moja: "Dada, hivi mama alikuwa anapenda nyimbo gani?" Mama alipofariki yeye alikuwa bado mdogo sana. Anaikumbuka mikono yake, sauti haikumbuki. Mimi ninazo zote kichwani, maana redio ya kaseti nyumbani kwetu ilikuwa haizimwi. Nikamjibu harakaharaka kwamba nitamtengenezea orodha, nikidhani ni kazi ya jioni moja.

Ilinichukua karibu mwezi mzima. Nyimbo nyingine sikuwahi kuyajua majina yake. Nilichokuwa nacho ni nusu ya kiitikio na mdundo wa gitaa la besi. Usiku watu wakishalala nilikuwa naandika maneno mawili matatu kwenye sehemu ya kutafutia, nasikiliza, siyo huu, nasikiliza mwingine, siyo huu. Halafu ghafla, huu hapa. Lazima niseme ukweli, siku zile niliipenda programu hii kuliko kitu kingine chochote kilichomo kwenye simu yangu.

Chukua namba saba. Kwenye kaseti yetu ulikuwa wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza. Kaseti ya dakika 60 ina nusu saa tu kila upande, na aliyeturekodia hakupiga hesabu, kwa hiyo utepe uliishia katikati ya ubeti wa tatu. Tak! Kitufe kinaruka. Utoto wangu wote wimbo ule ulikoma kwenye neno lililokatwa nusu, nasi tuliuimba hivyohivyo, tukanyamaza wote kwa pamoja palepale. Kwenye programu nikausikia unavyoisha kwa mara ya kwanza maishani. Kuna tarumbeta mwishoni. Tarumbeta inayopanda taratibu, inapanda, mpaka inapotelea juu, na mama yangu hakuwahi kuisikia. Nilikaa gizani nikalia. Kama ningeandika maoni haya usiku ule ningetoa nyota tano na ningeomba ya sita.

Orodha ikafika nyimbo 12. Programu haina pa kuandika maelezo chini ya kila wimbo, jambo lililonikera tangu mwanzo, kwa sababu wimbo unaompa mtu bila kumwambia kwa nini unampa haujafika. Ikabidi nimtumie mdogo wangu ujumbe mmojammoja. Namba moja, mama aliupandisha sauti asubuhi badala ya kutuita tuamke. Namba tano ni wa hasira: akianza kuuimba ametupa mgongo, tulijua kuna aliyeharibu, na kila mmoja akajitafutia kazi ya kufanya. Namba tisa si wa mama, ni wangu. Niliusikiliza kila siku mwaka nilioachwa na mtu niliyedhani nitazeeka naye. Nikauweka, nikautoa, nikaurudisha. Si jambo jepesi kumwonyesha mtu nyimbo unazozipenda. Unakaa unasubiri, moyo mkononi, ukiogopa akuambie "mbona wa kawaida tu".

Sasa namba tatu. Baada ya kiitikio cha pili gitaa linanyamaza, mwimbaji anavuta pumzi, na nyuma yake, mbali kidogo na maikrofoni, kuna mtu anacheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyejizuia akashindwa. Ni rekodi ya zile enzi ambazo bendi nzima ilirekodi kwa pamoja chumba kimoja, na kosa la mmoja liliwarudisha wote mwanzo. Hawa hawakurudia. Walikiacha kicheko kikabaki humo.

Mama alikuwa anakisubiri. Popote alipokuwa ndani ya nyumba, wimbo ukikaribia pale aliacha alichokuwa akifanya, akanyanyua kidole, akasema, "Sikilizeni." Kicheko kikapita. Naye akacheka, kila mara, kama ndiyo anakisikia kwa mara ya kwanza. Kwangu mimi wimbo ule ni sekunde ile. Dakika zinazobaki zipo ili sekunde ile iwe na mahali pa kukaa.

Nikamwandikia mdogo wangu: "Namba tatu, wimbo wa dakika nne na sekunde 52. Ukifika dakika ya pili na sekunde 48 tulia. Kuna mtu anacheka. Hapo ndipo mama alikuwa ananyanyua kidole." Niliyaandika hayo huku nausikiliza, sikuyatoa kichwani. Mlishike hilo.

Yeye alichelewa kidogo kuufikia, alikuwa na mambo yake, wiki mbili tatu hivi zikapita. Halafu akanijibu: "Dada, nimesikiliza mara tatu. Hakuna anayecheka."

Nikamwambia apandishe sauti. Nikamwambia avae spika za masikioni. Akanyamaza kwa muda, kisha akaandika kwa upole, nadhani hakutaka kuniumiza: "Labda ni wimbo mwingine, dada. Na wewe ulikuwa mdogo."

Nilisimama. Niliisoma ile sentensi nimesimama. Kwa dakika kadhaa nilianza kujitilia shaka: huenda kweli nimemtungia mama yangu kidole na kicheko, huenda nimechanganya. Nikafungua orodha, nikabonyeza namba tatu.

Jina la wimbo ni lile. Jina la mwimbaji ni lile. Picha ya jalada ni ileile ya zamani yenye kona iliyofifia. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa kitu kingine. Ngoma za mashine. Kinanda mahali pa gitaa la pili. Sauti ya mwimbaji yuleyule, lakini imezeeka miaka mingi. Baada ya kiitikio cha pili hakuna kunyamaza wala pumzi, kinanda kinajaza nafasi yote kama saruji. Wimbo mzima una dakika tatu na sekunde 40.

Walikuwa wameubadilisha. Ndani ya orodha yangu, mahali palepale nilipouweka kwa mkono wangu, bila taarifa na bila alama yoyote.

Sababu yenyewe naijua, na haipunguzi kitu. Wimbo mmoja una haki mbili: haki ya utunzi na haki ya rekodi. Kampuni inayomiliki rekodi ya zamani ikimaliza mkataba na programu, rekodi inaondolewa. Mwimbaji naye anaweza kuingia studio akaurekodi upya wimbo wake, akawa na rekodi yake mwenyewe. Sina ugomvi naye hata kidogo, yule mzee ana haki ya kula jasho lake. Mwimbaji wa Marekani Taylor Swift alifanya hivyo kuanzia 2021, akarekodi upya albamu zake za zamani, lakini aliandika waziwazi pembeni ya kila jina kwamba hili ni toleo lake. Msikilizaji akachagua. Huo ndio uungwana.

Na wala wasiniambie kompyuta imeshindwa kuzitofautisha. Kila rekodi rasmi hupewa msimbo wake wa kimataifa, ISRC, wenye herufi na tarakimu 12, na rekodi mpya hupata msimbo mpya hata kama maneno na mwimbaji ni walewale. Msimbo huo ndio unaosaidia kujua malipo ya usikilizaji yaende kwa nani. Kwa hiyo wakati wa kugawa pesa hizi ni rekodi mbili. Ukifika wakati wa kumjibu mteja, zinakuwa moja.

Nikawaandikia. Kwanza nilijibiwa na mashine, ikanishauri nizime simu na kuiwasha. Nikaandika tena, nikapewa mtu. Nilimweleza yote, tena kwa adabu, na nikamtajia urefu wa rekodi zote mbili. Nikamweleza hata habari ya mama, jambo ambalo sasa najuta. Jibu likaja:

"Wimbo ni uleule."

Hakuna salamu wala pole. Chini yake kuna mstari unaojituma wenyewe: toleo ulilonalo sasa lina sauti safi zaidi, tunakutakia usikilizaji mwema. Kisha swali kama tatizo langu limetatuliwa. Kabla sijajibu chochote, kesi ikafungwa.

Wimbo ni uleule! Mimi huyu niliyeukariri ule wimbo kabla sijajua kusoma. Sauti safi zaidi maana yake wamefuta watu. Chumba kimefutwa, pumzi zimefutwa, yule aliyekuwa anacheka amefutwa, na kilichobaki wanakiita usafi.

Mtasema ningeupakua. Niliupakua. Hiki ni kitu nilichojifunza kwa maumivu: unachopakua ndani ya programu za namna hii ni faili lililofungwa kwa kufuli lao. Simu ikiingia mtandaoni, programu inakagua haki, na haki ikiwa imeisha faili halifunguki tena au linapotea. Kaseti ya mama ililiwa na mashine mara mbili, mara mbili akaurudisha utepe kwa kalamu, na bado ikaimba. Haya ya sasa si yako hata ukilipa kila mwezi bila kukosa.

Wala si mimi peke yangu niliyepotelewa. MySpace, mtandao wa kijamii uliovuma zamani, walikiri mwaka 2019 kwamba muziki ambao watu walikuwa wameupakia kwa zaidi ya muongo umepotea katika kuhamisha seva, na wengi hawakuwa na nakala nyingine. Mwanzoni mwa 2024 leseni kati ya kampuni ya muziki ya Universal Music na TikTok iliisha bila makubaliano mapya, video za watu zenye nyimbo za kampuni hiyo zikabaki bubu mpaka pande hizo mbili zilipopatana mwezi Mei. Wakubwa wanagombana, kumbukumbu zinazozimwa ni zetu.

Kwa hiyo nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haibonyezeki.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika mwanzo, nikaacha, na sasa ninaendelea siku kadhaa baadaye kwa sababu limetokea jambo. Nilikuwa nimemwambia mdogo wangu kwamba naifuta orodha yote. Akanipigia simu palepale. "Usiifute, dada. Ifungue kwanza."

Nikaifungua. Ilikuwa na nyimbo 13. Orodha hizi unaweza kumpa mtu ruhusa ya kuongeza zake, na nilishasahau kwamba nilimpa. Wimbo wa 13 sikuujua kabisa. Akanieleza: ile miaka nilipokuwa shule ya bweni, mama alikuwa anamlaza kwa wimbo huo. Hakuujua jina, maneno ya kiitikio yalimjia siku moja akiwa kwenye foleni, akayaandika, akaupata. Tulikata simu nikausikiliza mara nne. Kumbe alikuwa na sauti ya mama wakati wote, ila ilikuwa imelala. Mimi nilidhani ndiye mwenye vyote na ninamgawia. Yeye akanipa mama nisiyemjua.

Hilo programu imelifanya, siwezi kulikana. Nikapandisha mpaka nyota tatu, na kwa muda nikawaza hata nne. Hasira ni kweli, lakini bila hiyo sehemu ya kutafutia tusingeupata wimbo wa 13 mpaka leo. Mtu anayetaka nyimbo mpya za kuchezea mwisho wa wiki pengine hataona kasoro yoyote, na atakuwa na haki ya kunishangaa.

Halafu jana jioni namba saba imegeuka kijivu. Ule wenye tarumbeta. Ukibonyeza, hausemi kitu. Imerudi kuwa nyota moja, na safari hii sitaigusa.

Kama una nyimbo za namna hii, za mtu na siyo za kupitisha muda tu, andika kwenye daftari jina la mwimbaji, bendi, mwaka ukiupata, na urefu wa rekodi kwa dakika na sekunde. Urefu hasa. Bila ule ujumbe wenye dakika nne na sekunde 52 mdogo wangu angeamini mpaka kesho kwamba nimekumbuka vibaya. Sasa anajua. Tunatafuta rekodi ya zamani kwenye santuri au kaseti kwa watu wenye kuhifadhi vitu, na tukiipata tutainunua, iwe yetu.

Kwenye ukurasa wa huduma kwa wateja kesi yangu imeandikwa "imetatuliwa". Nimeifungua tena leo asubuhi, mara ya nne. Safari hii sikueleza habari za mama. Nimewaandikia kwamba kama wimbo ni uleule, wanionyeshe anayecheka.