Draiva ya Nvidia kwenye Ubuntu: siku tatu kwa sababu ya paswadi moja

Wenye haraka niwape jibu kwanza. Laptopu yangu ni ya mtumba, ina kadi ya picha ya Nvidia, GeForce GTX 1650, nimeweka Ubuntu 24.04 (mfumo endeshi wa Linux, badala ya Windows), na draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, sasa inafanya kazi bila matata. Natoa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu moja nitakayoieleza, ingawa kosa kubwa lilikuwa langu.

Kazi yangu ni video za harusi. Hapa Mombasa, Ramadhani ikiisha tu, Mfunguo Mosi unaingia na harusi zake, na kila bi harusi anataka jina lake lizunguke kwa dhahabu mwanzo wa video. Jina hilo hulitengeneza kwa Blender, programu ya picha za 3D. Bila msaada wa kadi, sekunde sita za dhahabu zilikuwa zinanichukua kuanzia isha hadi adhana ya alfajiri, feni ikivuma kama kaskazi, nami nimelala nusu jicho nikiomba stima isipotee.

Ubuntu huja na draiva huria iitwayo Nouveau. Picha inaonyesha vizuri tu, lakini Cycles, injini ya Blender ninayoitumia kutoa picha za mwisho, haiwezi kuitumia kadi ya Nvidia kupitia Nouveau. Inataka draiva ya Nvidia yenyewe. Basi nikafanya nilivyozoea kwenye Windows: nikaenda kwenye tovuti, nikashusha faili la .run la kusakinisha draiva, bando la siku likaisha papo hapo. Likaniambia Nouveau bado inatumika. Nikaizima kwa nguvu, nikaendelea. Kuwasha upya, skrini nyeusi na kishale kinapepesa pembeni. Moyo ulinipiga, maana harusi mbili zilikuwa mle ndani na sikuwa nimezihifadhi kwingine.

Ikikupata hiyo, usikimbilie kufuta kila kitu. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, utapata terminali, skrini ya kuandika amri tu. Mimi niliandika `sudo nvidia-uninstall`, nikafuta na lile faili nililoliandika kuizuia Nouveau, picha ikarudi.

Mara ya pili nikafuata njia ya Ubuntu: `sudo apt install nvidia-driver-550`. Katikati ya kazi kikatokea kisanduku kinaomba paswadi mpya. Nikaandika ya ovyo ovyo, nikidhani ni mambo ya kawaida. Nilipowasha upya ikaja skrini ya buluu yenye maandishi, nikaiacha ipite. `nvidia-smi`, amri ya kuangalia hali ya kadi, ikajibu kwamba haiwezi kuwasiliana na draiva. Nikaondoa, nikaweka toleo la 535. Jibu lile lile. Nikarudisha 550. Siku mbili zikapita hivyo, na mama wa bi harusi ananipigia simu kila baada ya sala.

Aliyenitoa ni mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuja kuazima chaja.

"Mjomba, ile skrini ya buluu ulibonyeza nini?"

"Sikubonyeza kitu. Ilipita yenyewe."

Akacheka mpaka nikaona haya. Akaandika `sudo modprobe nvidia`, amri ya kuipakia draiva, na hapo ndipo ukweli ulipotoka: Key was rejected by service. Yaani ufunguo umekataliwa. `mokutil --sb-state` ikathibitisha kuwa Secure Boot, ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka, imewashwa. Kwa hali hiyo, moduli (kipande cha draiva) isiyo na sahihi inayotambulika haiingii kwenye kerneli, kiini cha mfumo. Fikiria lori la kontena kwenye geti la Kilindini: mzigo ni wako, ushuru umelipa, lakini karatasi haina muhuri, hutoki. DKMS, chombo cha Ubuntu cha kuunda moduli, ilikuwa imeitengeneza vizuri na kuitia sahihi kwa ufunguo wa mashine yangu. Ni mimi tu sikuusajili ufunguo huo. Ile skrini ya buluu ndiyo ilikuwa dirisha la kugonga muhuri, nami nimelipita.

Tulifanya hivi: `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, nikaweka paswadi, safari hii nikaiandika kwenye karatasi. Tukawasha upya. Skrini ya buluu husubiri sekunde kumi tu, kwa hiyo usiende kuchukua kahawa. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK (sajili ufunguo wa mashine), Continue, Yes, toa paswadi, kisha Reboot. `nvidia-smi` ikaleta jedwali lake zuri, kumbukumbu zaidi ya megabaiti elfu nne, na joto la kadi. Lile jina la dhahabu sasa ni dakika arobaini.

Nyota niliyoizuia ni ya zile sekunde kumi. Jambo zito namna hiyo halifai kupita lenyewe kimya kimya. Baadaye nilijua pia kwamba `sudo ubuntu-drivers install` mara nyingi huchagua moduli ambazo Canonical, kampuni ya Ubuntu, wamekwisha kuzitia sahihi, na hapo hayo ya ufunguo huyaoni kabisa. Ningeanzia huko.

Kuhusu betri, kadi ikiwa kazini huisha upesi sana. Nikiwa naandika tu, hutumia `sudo prime-select intel`, yaani picha ya Intel badala ya kadi ya Nvidia, na hurudi kwa `on-demand`, kadi iamke inapohitajika tu, wakati wa kazi.

Paswadi ile hutumika mara moja tu, haina kazi tena. Karatasi yake bado nimeibandika chini ya laptopu, na siitoi.