Nilimsindikiza jirani kliniki, nikatoka na magonjwa matatu

Nianze na mazuri. Kliniki ni safi, foleni haipo, nesi ana lugha tamu. Nyota mbili nimewapa kwa hayo. Tatu nimezikata.

Mimi nauza mitumba soko la Owino, Kampala. Siku hiyo jirani yangu wa kibanda alikuwa anatetemeka kwa homa, nikampakia kwenye boda, tukakaa mshikaki hadi kliniki moja mjini. Akiwa anasubiri majibu ya malaria, nesi akanigeukia: "Na wewe baba, afya yako huiangalii?" Ukutani palikuwa na tangazo la vipimo vya mwili mzima, shilingi 90,000 badala ya 150,000. Mchuuzi akiona bei imeshushwa, mnamjua. Nikakunja mkono wa shati.

Nusu saa, karatasi ikatoka imechorwa kalamu nyekundu: taifodi 1:160, brusela (homa inayotoka kwa mifugo) ipo, H. pylori (mdudu wa vidonda vya tumbo) ipo. Mimi niliyekula katogo asubuhi ile na kubeba robota la nguo mgongoni! Na cha ajabu, nilipomaliza kuisoma tu, kichwa kikaanza kuuma kweli.

Nikaandikiwa sindano za seftriaksoni za taifodi siku tano kwa kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, doksisaiklini za brusela wiki sita, na boksi la dawa za H. pylori. Jumla 520,000. Hakuna aliyeniuliza kama nina homa. Siku ya tatu nikaanza kuhara, na mshipa wa mkono ukavimba, ukawa mgumu kama kamba ya manila. Kibanda nilikifunga siku zote tano, tena wiki ya kufungua shule, mashati meupe yakitafutwa kila kona.

Aliyenizindua ni shemeji yangu, muuguzi Mbale. Nilimpigia kumuuliza dawa ya kuhara.

"Shemeji, ulikuwa na homa?"

"Hapana."

"Tumbo?"

"Halikuwa na neno."

"Sasa walikuwa wanatibu nini, karatasi?"

Akanieleza taratibu. Kipimo kile cha taifodi kinaitwa Widal, ni cha tangu 1896, na hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatoa. Askari hao wanaweza kubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kupona, au baada ya chanjo, na wakati mwingine wanatolewa na maradhi mengine kabisa. Kwa mtu anayeishi Kampala, kiwango cha kingamwili cha 1:160 kilichopimwa mara moja, bila homa, hakisemi kitu. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, na majibu yake huchukua siku, si nusu saa. Brusela nayo walipima kwa njia hiyohiyo ya kingamwili. H. pylori ndiyo usiseme: watu wengi sana huku kwetu wanaye, na wengi wao hawapati kidonda maisha yao yote. Kipimo cha damu hakiwezi hata kutofautisha aliyenaye leo na aliyewahi kuwa naye. Kwa hilo kuna kipimo cha kinyesi.

Sisemi taifodi ni hadithi. Sisi wa mjini kati tuliiona 2015, watu walilazwa kweli. Ndiyo maana neno lenyewe linatutisha, na ukishatishwa unalipa bila kuuliza. Shemeji anasema hizo sindano zikichomwa ovyo, wadudu wanazizoea, na siku utakapozihitaji hazitafanya kazi.

Doksisaiklini niliziacha, baada ya daktari mwingine kunichunguza na kusema sina brusela. Alinitoza 30,000, na nyingi ya hizo zilikuwa za kunihoji tu.

Jirani yangu? Malaria. Alimeza Coartem siku tatu, siku ya nne akarudi kibandani, akawa anawauzia wateja wangu.

Juzi kliniki wamenipigia simu: nirudi kurudia Widal nione kama nimepona, nusu bei. Nikamuuliza yule dada, ikitoka tena 1:160 itakuwaje? Akasema, "Tutakuongezea dozi, baba."